Oman, China au Korea Kusini: mwalimu wa Kiingereza wa Afrika Mashariki aombe wapi kazi ya chuo kikuu?

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa zamani alinitumia matangazo matatu ya kazi. Ana uzamili wa isimu na amefundisha Kiingereza chuoni Dar es Salaam kwa miaka saba. Tangazo moja lilikuwa la Korea Kusini, jingine la China, la tatu la Oman, na alikuwa ameyapanga kwa mshahara, wa juu kwanza. "Kaka, nianze na lipi?" Nikamwomba ayapange upya kwa swali moja tu: je, sheria ya nchi hiyo inamruhusu mwenye pasipoti ya Tanzania kufundisha Kiingereza kwa kibali kinachotajwa kwenye tangazo? Alipomaliza kusoma masharti ya viza, tangazo la juu kabisa lilishuka hadi chini, na la Oman, ambalo alikuwa karibu kulifuta, likapanda.

Mimi nilifundisha Oman miaka minne, kwenye mwaka wa maandalizi wanaoupitia wanafunzi kabla ya kuanza shahada. China na Korea nazijua kwa kuomba kazi, kwa kusoma mikataba na kwa wenzangu waliokwenda. Ndiyo maana Oman nitaizungumzia kwa kirefu zaidi.

Pasipoti kwanza, mshahara baadaye

Korea Kusini ina viza ya E-2 kwa walimu wa lugha. Kwa upande wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Uganda haimo. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili, lakini hilo halimsaidii Mkenya mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Korea. Nafuu iko kwenye neno "profesa". Wahadhiri wa vyuo vikuu huajiriwa kwa viza ya E-1, na hiyo haifungwi na orodha ya nchi saba. Inatazama elimu ya mtu na cheo anachopewa. Tatizo ni kwamba kituo cha lugha kilicho ndani ya chuo kinaweza kuajiri kwa E-2, kwa hiyo jina la chuo juu ya tangazo halikuhakikishii E-1. Uliza aina ya viza kwenye barua yako ya kwanza kabisa, kabla hujatumia hata shilingi moja kuhakiki vyeti.

China nayo ina kanuni yake. Mwalimu wa lugha wa kigeni, kimsingi, afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada ya kwanza angalau, na awe amefundisha lugha kwa miaka miwili. Mwenye shahada ya ualimu au ya lugha, au cheti cha kufundisha kinachotambulika kimataifa, anaweza kusamehewa ile miaka miwili. Lakini lile sharti la lugha ya kwanza ndilo linalowakwamisha wengi wetu. Neno "kimsingi" ndilo lenye mwanya, na ofisi za mikoa hazilitafsiri kwa namna moja: mji mmoja unampokea Mkenya aliyesomea Uingereza, mwingine unarudisha faili lake bila maelezo. Nikiwaangalia wenzangu waliofanikiwa, karibu wote walikuwa na shahada kutoka nchi inayozungumza Kiingereza, au walisoma China yenyewe na chuo kikawafahamu kabla ya kuwaajiri.

Oman ndiyo tofauti. Kinachokaguliwa hasa ni shahada yako, fani yako na miaka yako darasani, na wizara inayosimamia elimu ya juu ndiyo inayokubali au kukataa sifa za mwalimu. Kwenye chumba cha walimu nilikaa na Wahindi, Wafilipino, Wapakistani, Watunisia, Wasudani, Waingereza na Wamarekani, wote wakifundisha kitabu kile kile. Yapo matangazo ya Oman yanayodai wazungumzaji wazawa wa Kiingereza, na Saudi Arabia yapo mengi zaidi ya namna hiyo. Hata hivyo, mlango haujafungwa kwa sheria, na hapo ndipo penye tofauti kubwa kwa mtu wa kwetu.

Jambo hili la kumpima mwalimu kwa pasipoti yake naliona kuwa dhuluma, na nitalisema wazi. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko mwaka 2006 kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasiozaliwa na lugha hiyo. Mwalimu aliyejifunza Kiingereza darasani anajua mwanafunzi anakwama wapi, kwa sababu alikwama hapo hapo. Likumbuke tamko hilo ukiwa kwenye usaili. Ila usilipie tiketi kwa kulitegemea, maana ofisa wa viza hufuata orodha yake.

Vyeti, na safari ya mihuri

Kwa Oman, uzamili ni lazima kwa nafasi nyingi za chuo, na fani ina maana. Isimu tumizi, ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni, au elimu yenye somo la Kiingereza hupita kwa urahisi. Uzamili wa fasihi huzua maswali. Aliyesoma kwa masafa aulize mapema sana, kwa sababu nchi za Ghuba hazitambui kirahisi shahada za masafa, hata kama chuo chenyewe kinatambuliwa nyumbani. Niliwahi kumwona mwalimu mzuri akipita usaili wote na kukwama hapo, baada ya kuacha kazi yake.

Cheti kinachotusaidia zaidi ni CELTA ya Cambridge, cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni. Kozi ina saa zisizopungua 120, na ndani yake unafundisha saa sita mbele ya wakaguzi. Mwajiri asiyejua chuo chako kikoje anajua CELTA ni nini. Cha pili ni matokeo ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambayo hayajapitwa na wakati. Huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Najua inaudhi kumpima mwalimu wa Kiingereza Kiingereza. Fanya tu, pata alama nzuri, uambatanishe kabla hujaombwa. Itazima hoja ambayo mtu angeinong'ona ukiwa haupo.

Kuhusu mihuri: Korea iliingia kwenye Mkataba wa Apostille mwaka 2007, Oman 2012, na kwa China ulianza kutumika Novemba 2023. Apostille ni muhuri mmoja unaotosha, lakini unafaa pale tu nchi zote mbili zimo kwenye mkataba. Burundi iliingia 2015 na Rwanda 2024, kwa hiyo Mrundi na Mnyarwanda wana njia fupi. Mwingine yeyote aulize Wizara ya Mambo ya Nje ya kwake utaratibu wa sasa. Nilipotengeneza vyangu, njia ilikuwa ndefu: chuo kilichotoa cheti, kisha wakili, kisha wizara, kisha ubalozi wa Oman Dar es Salaam, na kila meza ilitaka karatasi halisi. Fanyia kazi hiyo vyeti vyote kwa pamoja, nakala za matokeo zikiwemo, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama unakusudia kwenda na familia. Mimi nilisahau cha ndoa, na mke wangu akachelewa kuja kwa miezi mitano.

Korea na China huongeza cheti cha polisi cha tabia njema na vipimo vya afya. Hicho cha polisi kiache hadi mwisho, maana kikikaa sana hukataliwa.

Darasani kukoje

Hapa nchi hizi hazifanani hata kidogo.

Oman, wanafunzi wengi wamesoma sekondari kwa Kiarabu, halafu chuo kinawataka wasome uhandisi au biashara kwa Kiingereza. Daraja la kuvukia ni programu ya msingi, ambayo nchi iliiwekea viwango vya kitaifa mwaka 2008: Kiingereza, hisabati, kompyuta na stadi za kujifunza. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986, kina programu hiyo. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa 2020 kwa kuunganisha vyuo vya serikali vilivyotawanyika nchini, nacho kinayo, na vyuo binafsi pia. Kazi ina ratiba kali. Wiki ya tatu uko sura ya tatu, mtihani wa katikati ya muhula ni mmoja kwa madarasa yote, usahihishaji hufanywa na walimu wawili wawili. Mimi nilikuwa na vipindi 20 kwa wiki, na juu yake saa za kukaa ofisini kuwasubiri wanafunzi. Anayependa kutunga somo lake mwenyewe atabanwa. Anayetaka kuona mtu akiingia Septemba hawezi kuandika aya moja, na Mei anaandika insha, atapenda kazi hii kama nilivyoipenda.

China ni kinyume chake. Mwalimu wa kigeni mara nyingi hupewa somo la kuzungumza, na mara nyingi hakuna anayemwambia afundishe nini. Sarufi, kusoma na maandalizi ya ule mtihani wa taifa wa Kiingereza wa vyuo, CET-4, viko mikononi mwa walimu Wachina. Una uhuru mkubwa, lakini uko pembeni ya kazi yenyewe. Rafiki yangu aliyefundisha huko alikuwa na madarasa ya wanafunzi arobaini na zaidi, kila darasa akilikuta mara moja kwa wiki. Alitumia nafasi hiyo vizuri: alipata muda wa kuandika tasnifu yake ya uzamivu. Mtu mwenye jambo kama hilo la kumalizia, China inamfaa kuliko Oman.

Korea ina saa chache darasani na likizo ndefu kati ya mihula, na hicho ndicho kilichowavuta walimu wengi kwa miaka. Mikataba kwa kawaida ni ya mwaka mmoja mmoja, na maoni ya wanafunzi huweza kuamua kama utaongezewa. Vyuo vingi huweka kikomo cha wangapi darasani waruhusiwe kupata A, kwa hiyo jiandae kumpa B mwanafunzi aliyefanya vizuri. Nyuma ya yote kuna jambo zito zaidi: mwaka 2023 kiwango cha uzazi Korea kilishuka hadi watoto 0.72 kwa mwanamke. Vyuo vya mikoani vinakosa wanafunzi wa kujaza viti, na nafasi za walimu wa kigeni ziko miongoni mwa zinazopunguzwa. Kijana anayepanga maisha ya miaka ishirini asiyajenge hapo.

Wengine huniuliza kuhusu Japani. Nafasi za huko hutangazwa kwenye tovuti ya serikali ya JREC-IN, bila orodha ya pasipoti kwa viza ya profesa, lakini chuo kitataka uzamili, makala zilizochapishwa na, mara nyingi, Kijapani cha kufanyia vikao. Kama una makala tatu na subira, jaribu. Kama huna, anza kuandika kwanza.

Hesabu ya fedha

Rial ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 rial moja ni dola 2.6 hivi, kwa hiyo unachotuma nyumbani hakipungui njiani. Mshahara hautozwi kodi ya mapato kwa sasa. Sheria ya kodi hiyo ilitoka 2025, itaanza 2028, na itamgusa anayezidi rial 42,000 kwa mwaka. Mwalimu wa lugha hafiki huko. Kuna posho ya nyumba, tiketi ya likizo, bima ya afya, na mwisho kuna kiinua mgongo.

Kiinua mgongo ndicho watu wengi hukosea kukihesabu. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 inampa mfanyakazi mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi. Zingatia maneno "mshahara wa msingi". Mikataba miwili inaweza kuwa na jumla ile ile ya mwezi, mmoja ukiwa na msingi mkubwa na posho ndogo, mwingine msingi mdogo na posho nyingi. Ukiondoka baada ya miaka minne, wa kwanza anabeba fedha ya kumalizia nyumba, wa pili anabeba nusu yake. Kabla ya kusaini, omba mshahara wa msingi uandikwe peke yake kwa tarakimu.

Uliza pia nani hasa ni mwajiri wako. Vyuo kadhaa vya Oman vimekuwa vikipata walimu kupitia kampuni za kuajiri. Mwalimu wa kampuni na mwalimu wa chuo wanaweza kufundisha vyumba jirani, mmoja akiwa na likizo ndefu zaidi na mshahara mnono zaidi. Na liko la mishahara inayopangwa kwa pasipoti, jambo linalojulikana katika Ghuba nzima. Omba ngazi za mishahara kwa maandishi, ukieleza kwamba unataka kujua ngazi yako kwa elimu na uzoefu wako. Hawawezi kukulaumu kwa kuuliza hivyo, na jibu litakuonyesha unaajiriwa kama nani.

Jambo moja limebadilika na kuwa afadhali: tangu Januari 2021 Oman imeondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri wa zamani ili uhamie kwa mwingine baada ya mkataba kuisha. Nilifika kabla ya hapo, na najua ilivyokuwa kumwomba mtu ruhusa ya kuendelea na maisha yako.

Vyuo vya China kwa kawaida hulipa chini ya shule binafsi na vituo vya lugha, lakini hukupa nyumba ndani ya chuo, na gharama za maisha nje ya miji mikubwa ni ndogo. Kodi ya mapato ipo, na utahitaji risiti zake ili benki ikubadilishie yuan kwenda fedha za kigeni. Zitunze tangu mwezi wa kwanza. Korea hulipa vizuri kuliko China, nawe utakatwa kodi na michango ya hifadhi ya jamii.

Ukienda na familia

Ukiwa na watoto, kwangu mimi shauri limeisha: Oman. Shule za Kihindi za huko zina ada ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuibeba, wakati shule za kimataifa za Beijing au Seoul zitaumeza wote. Safari ya ndege kutoka Muscat hadi Dar es Salaam ni saa tano na ushee. Na kuna Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka pwani yetu zikarudi huko na lugha yao. Sokoni Matrah nilisalimiwa "Shikamoo" kabla sijafungua mdomo. Mzee mmoja alimfundisha mwanangu kuendesha baiskeli, na walizungumza Kiswahili cha Unguja mwanzo hadi mwisho. Asiye Mwislamu naye ana pa kusali: makanisa yapo Ruwi na Ghala, mitaa ya Muscat, na kwa kuwa mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, ibada nyingi hufanyika Ijumaa.

Udugu huo nilioukuta ni wa kweli, na ndiyo sababu nautolea tahadhari. Kuna Waswahili wenzetu walioingia kazini kwa maneno ya mdomo kwa kuwa aliyewaita aliongea nao lugha ya nyumbani. Mkataba uandikwe, na uwe mikononi mwako kabla ya kupanda ndege.

Wakala na viza za njia ya mkato

Kabla ya Oman, wakala mmoja alitaka kunipeleka China kwa viza ya biashara, akisema kibali cha kazi "kitafuata". Nilikaribia kukubali. Kazi ya mshahara China inahitaji viza ya Z na kibali cha kazi. Ukikamatwa ukifanya kazi kwa viza nyingine, sheria ya uhamiaji inaweka faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unaongezewa siku 5 hadi 15 kizuizini. Wakala habaki nawe kituoni. Kenya, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania, waulize TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Chuo kikikupa kazi moja kwa moja, piga simu kwenye namba iliyo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, siyo ile iliyo kwenye barua uliyotumiwa.

Pasipoti inapogeuka kuwa faida

Kanuni ile ile ya China inayotaka mwalimu afundishe lugha yake ya kwanza inakubeba siku unapoomba kufundisha Kiswahili. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kinafundisha Kiswahili tangu 1961, na Seoul kuna Chuo Kikuu cha Hankuk. Nafasi ni chache mno, lakini pale wewe ndiye mzungumzaji mzawa anayetafutwa. Kwa walio bado vijana, mpango wa Fulbright FLTA huwapeleka walimu wa Kiingereza kutoka Kenya na Tanzania kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, huku nao wakisoma kozi huko. Lazima urudi nyumbani ukimaliza. Lakini unarudi ukiwa umefundisha chuo cha Marekani, na wasifu wako unaposomwa Muscat au Beijing, mstari huo hauwezi kurukwa.

Nilichomwambia mwenzangu

Ana watoto wawili, uzamili wa fani inayotakiwa, na hana shahada ya nje. Nilimwambia aombe Oman, afanye CELTA kabla, na aiache Korea mpaka awe na uzamivu. Angekuwa kijana asiye na mzigo, aliyesoma kwa ufadhili huko China, ningempa jibu jingine.

Zingatia kalenda. Muhula mkuu wa Oman na wa China huanza Septemba, na vyuo huanza kutafuta walimu miezi ya Machi hadi Juni. Korea huanza mwaka Machi na muhula wa pili Septemba, na matangazo ya Machi hutoka Oktoba na Novemba. Japani huanza Aprili. Mihuri ya vyeti ilinichukua miezi mitatu, na hiyo ni kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, karibu na wizara na ubalozi. Wa Kigoma au Mwanza aongeze nauli na mwezi mmoja. Mwenzangu ameshapeleka vyeti vyake kwa wakili wiki hii, na cha ndoa kimo.